Mlima Haukimbii, Mwanga Unakimbia

Anayeanza kupiga picha za mandhari huhangaikia mahali. Anatafuta mlima wenye jina, maporomoko yanayosifiwa, ziwa ambalo kila mtu amekwisha kulipiga, akiamini kwamba akifika tu, picha imepatikana. Anafika mchana jua likiwa utosini, anabonyeza mara arobaini, anarudi na picha arobaini zilizopooza. Mlima ni uleule uliomvuta, lakini kamera haipigi mlima. Inapiga mwanga ulioangukia mlima. Sisi tuliozoeana na kazi hii hutanguliza swali moja kabla ya mengine yote: mwanga utatoka upande gani, na utakaa dakika ngapi?

Dakika hizo zinahesabika. Jua husogea angani digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kila dakika nne. Duara lake lina upana wa nusu digrii, kwa hiyo kwenye ikweta, ambako huzama karibu wima, likishagusa upeo wa macho linamezwa lote kwa dakika mbili na kidogo. Mwanga wa dhahabu, ule wa jua lililo chini ya digrii 6 hivi juu ya upeo, hapo hudumu kama dakika 24. Ule wa buluu unaofuata, mpaka jua lifike digrii 6 chini ya upeo, hudumu karibu muda huohuo. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, jua hushuka kwa mshazari na dakika zinaongezeka, na karibu na ncha za dunia kuna majira ambapo mwanga huo unakaa masaa. Ushauri mwingi unaosomwa umeandikwa na watu wa kaskazini ya mbali wenye saa nzima ya dhahabu. Ukiutumia ikweta kama ulivyo, jua litatua ungali unafungua zipu ya mfuko.

Ndiyo maana kazi kubwa ya picha ya macheo hufanywa jana yake, mchana, wakati hakuna mwanga mzuri wa kupoteza. Zunguka mahali pale mikono mitupu. Chuchumaa, panda jiwe, sogea hatua tatu kushoto uone kama mti unajitenga na mlima ulio nyuma yake au unaung'ang'ania. Zipo programu za simu zinazochora juu ya ramani mstari wa macheo na machweo kwa tarehe yoyote, na mstari huo ni muhimu kwa sababu jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Hata kwenye ikweta, kati ya Desemba na Juni linahama kutoka digrii 23 na nusu kusini ya mashariki hadi digrii 23 na nusu kaskazini yake. Bonde linalojaa mwanga mwezi wa sita linaweza kukaa kivulini mwezi wa kumi na mbili. Ukishapata pa kusimama, hesabu hatua kutoka kwenye njia, maana gizani kila jiwe hufanana na mwenzake. Siku yenyewe, fika dakika 45 kabla ya jua. Kumi zitatosha kuweka vifaa. Zilizobaki ni za kutazama, kwa kuwa rangi kali mara nyingi huja kabla jua lenyewe halijaonekana, mawingu ya juu yanapopata mwanga kutoka chini ya upeo.

Kuhusu nini kiingie kwenye picha, kosa linaloonekana kila siku ni hili: mtu anasimama wima, anavaa lenzi pana ya milimita 16, anaelekeza kwenye safu ya milima. Macho yake yanaona ukuta mkubwa. Picha inaonyesha vichuguu vidogo mbali kabisa na nyasi nyingi zisizo na sababu ya kuwapo. Lenzi pana inasukuma mbali kilicho mbali na kukuza kilicho karibu. Kwa hiyo ikiwa utaitumia, mpe mtazamaji kitu cha karibu: jiwe lenye ukoga, mfereji wa maji unaoelekea mlimani, ua, tena kwa ukaribu wa kweli, nusu mita hadi mita moja, kamera ikiwa usawa wa goti. La sivyo, vua lenzi hiyo uvae ya milimita 70 hadi 200, uchague kipande: kilele kimoja na wingu lake, migongo mitatu ya vilima inayofifia mmoja nyuma ya mwingine. Kwa maoni yangu lenzi ndefu ndiyo inayomfundisha mtu mandhari haraka zaidi, kwa sababu inamlazimisha kuamua nini hakihitajiki. Ina adui mmoja, hewa ya moto. Ukipiga kwa lenzi ndefu juu ya ardhi iliyochomwa na jua, hewa inayopanda inatikisa mwanga, na picha inatoka kama iliyopigwa kupitia maji. Wengi hudhani lenzi imeharibika. Rudi alfajiri, ardhi ikiwa imepoa, lenzi ileile itatoa picha kali.

Sasa mipangilio. Pa kuanzia ni ISO 100 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga), tundu la lenzi f/8 hadi f/11 (namba ikikua, tundu linabanwa), na kasi ya shata, yaani pazia linalouruhusu mwanga kuingia, iwe yoyote itakayotakiwa na mwanga. Mtu husikia kwamba tundu dogo hufanya kila kitu kiwe kikali, basi anabana hadi f/22, na picha yote inatoka laini, karibu na mbali. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika kwenye kingo zake, na kila nukta inageuka kidoa. Kwenye sensa, yaani kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, iliyo kubwa ya milimita 36 kwa 24, ulaini huo huanza kuonekana ukipita f/16. Kwenye sensa ndogo huanza mapema zaidi, karibu na f/11.

Kulenga nako kuna hesabu yake. Ukilenga mlima wa mbali, sehemu kubwa ya ukali inapotea nyuma ya mlima, pasipo na kitu. Ukilenga ua lililo miguuni, mlima unafifia. Kati ya hapo kuna umbali ambao ukiulenga, kila kitu kuanzia nusu yake hadi mwisho wa macho kinakuwa kikali vya kutosha. Kwa sensa kubwa na f/11, lenzi ya milimita 24 hulengwa mita 1.8 hivi, na ukali unaanzia sentimita 90. Ya milimita 16 hulengwa sentimita 80, ukali kuanzia 40. Ya milimita 50 inataka mita 7.6, na ukali hauanzi mpaka mita 3.8. Ndiyo sababu lenzi ya 50 haiwezi kushika ua la karibu na mlima wa mbali kwa picha moja. Hapo hupigwa picha tatu au nne, kila moja ikilengwa mbali kidogo kuliko iliyotangulia, kisha zinaunganishwa kwenye kompyuta. Namba hizi zinatosha kwa picha ya ukubwa wa kawaida. Ukikusudia kuchapa picha kubwa ya ukutani, lenga mbali kidogo zaidi ya hapo. Ukishalenga, hamisha swichi kwenda ulengaji wa mkono, vinginevyo kidole kikigusa kitufe kamera italenga upya, na kwa kawaida itachagua pasipofaa. Gizani, mulika tochi jiwe lililo kwenye umbali unaoutaka, kuza picha kwenye skrini mara kumi, ulenge kwa mkono, kisha zima tochi.

Tripodi inastahili maneno mengi kuliko kifaa kingine chochote, kwa kuwa inalaumiwa kwa uzito wake na watu wasiojua kuisimamisha. Anza kuvuta vipande vinene vya juu; vyembamba vya chini viwe vya mwisho. Nguzo ya katikati isipandishwe ila umeshindwa kabisa, maana ikipanda kamera inakuwa imekalia kijiti kimoja. Kwenye mteremko, mguu mmoja uelekee chini na miwili ibaki upande wa juu, lenzi ikielekea mguu ule mmoja ili uzito usivutwe mbele. Ukitundika mfuko kwenye ndoano ya katikati, chini ya mfuko paguse ardhi. Unaoning'inia hewani hubembea na upepo, na badala ya kutuliza unatikisa. Mkanda wa kamera uvue au uufunge, kwa sababu unapepea kama bendera na kila mpigo wake unafika kwenye sensa. Zima kitulizaji cha mtikisiko, kwani kwenye lenzi nyingi, hasa za zamani, hutafuta mtikisiko usiokuwapo na kuuzalisha chenyewe. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili mkono uwe umeondoka shata inapofunguka. Kasi zinazoumia zaidi ni zile za kati, 1/30 hadi sekunde 1. Kwenye picha ya sekunde 20 mtikisiko wa mwanzo unamezwa na muda uliobaki, lakini kwenye robo sekunde ndio picha yenyewe.

Pwani ina mtego wake. Tripodi inaonekana imesimama imara kwenye mchanga mbichi, kisha wimbi linarudi na kuchota mchanga chini ya miguu yake. Tazama kwa karibu: kila mguu unachimbiwa kishimo cha mviringo, maji yanazunguka ndani yake, na kamera inashuka milimita chache katikati ya picha ya sekunde mbili. Kwenye skrini ndogo hutaona kitu. Nyumbani utakuta mwamba una kivuli cha pili, ukalaumu lenzi. Dawa ni kusukuma miguu ndani ya mchanga sentimita 15 hadi 20 kwa uzito wa mwili, kuyaacha mawimbi mawili matatu yapite yaitulize, ndipo unyooshe upeo wa macho. Na upeo wa bahari unyooshe kweli. Bahari iliyopinda kwa digrii moja inaonekana na kila mtu, hata asiyejua kinachomsumbua ni nini.

Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Hudhani kwamba dunia, ikichanganywa yote, ni ya kijivu cha wastani. Kikitazama theluji, mchanga mweupe au ukungu, kinaona mwanga umezidi na kuupunguza, na theluji inatoka ya kijivu. Ongeza stopu 1 hadi 1.5. Stopu moja ni mwanga kuongezwa maradufu, au kupunguzwa nusu. Kikitazama miamba myeusi ya volkano au msitu mnene, kinafanya kinyume. Punguza theluthi mbili ya stopu hadi moja nzima. Usiiamini skrini, kwa sababu gizani inang'aa kuliko picha ilivyo na juani inafifia. Amini histogramu, ile grafu ya mwanga. Mlima wake ukigonga ukuta wa kulia, kuna sehemu iliyoungua ikawa nyeupe tupu, na hakuna programu itakayorudisha kisichorekodiwa. Kivuli kinavumilia zaidi. Kwa hiyo linda anga kwanza, ardhi utaipandisha baadaye, mradi umepiga faili ghafi (RAW), ile ambayo kamera haijaichakata. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG, faili ya kawaida iliyobanwa, ina 256, na tofauti hiyo huonekana hapohapo unapofungua kivuli: moja inatoa majani na mawe, nyingine inatoa madoa na mistari. Pale anga na ardhi vinapotofautiana mno, piga tatu, moja ya stopu 2 chini, moja ya kawaida, moja ya stopu 2 juu, uunganishe. Upepo ukiwa unatikisa matawi, majani hayatapatana kati ya picha hizo tatu, kwa hiyo chukua majani yote kutoka kwenye moja tu.

Namba zilizo kichwani huokoa picha ambazo vifaa vingezikosa. Mwaka 1941 Ansel Adams, mpiga picha Mmarekani aliyeishi 1902 hadi 1984, aliukuta mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, jua la jioni likiwa linaachia misalaba ya makaburini. Alitafuta kipimo chake cha mwanga hakukiona. Alikumbuka mng'ao wa mwezi, kandela 250 kwa futi ya mraba, akahesabu kutokea hapo. Akapiga moja. Alipogeuza kishikio cha filamu apige ya pili, mwanga ulikuwa umekwenda. Namba yake inaweza kubebwa na yeyote kwa sura rahisi zaidi: mwezi mpevu ulio juu ni f/11, ISO 100, sekunde 1/100, kwa sababu ni jiwe linalopigwa na jua la mchana.

Tukiwa kwenye mwezi, wengi huvunjika moyo kuuona mdogo kwenye picha. Upana wake nao ni nusu digrii, na kwenye sensa unaandika duara ambalo ukubwa wake ni kama namba ya milimita ya lenzi ikigawanywa kwa 110. Lenzi ya milimita 24 inatoa mwezi wa milimita 0.2, kipunje. Ya 200 inatoa milimita 1.8. Ukitaka mwezi mkubwa kando ya mti, rudi nyuma mbali na mti, mita mia kadhaa, uvae lenzi ndefu. Mti utapungua, mwezi hautapungua. Siku ya kuchagua si ile ya mwezi mpevu wenyewe bali siku moja kabla. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku hiyo unatoka jua lingali juu, ardhi ina mwanga, na vyote viwili vinaingia kwenye picha moja bila mwezi kuungua.

Maji yanahitaji uamuzi, kwani kamera inaweza kuyafanya karibu chochote. Kwa 1/1000 matone yanasimama hewani. Kati ya robo sekunde na sekunde moja maporomoko yanakuwa na nyuzi, unaona yanapita wapi na yanagonga jiwe lipi. Ukipita sekunde 5 yanakuwa pamba. Pamba hiyo imependwa kupita kiasi. Maji yakipoteza nyuzi zake yamepoteza mwendo, na mwendo ndio ulikuvuta pale. Mchana, ili kupata kasi ndogo, hutumiwa filta ya giza. Ya stopu 6 inapunguza mwanga mara 64, ya stopu 10 mara 1,024, hivyo 1/30 inageuka sekunde 34. Kwa filta nzito kama hiyo kuna mpangilio usiorukwa: panga picha, lenga na upime mwanga bila filta, funga ulengaji, ndipo uivae taratibu bila kugusa pete ya lenzi. Kwenye kamera yenye dirisha la kioo la kuchungulia, liziba, maana kwa nusu dakika mwanga unaingia kupitia hapo na kuchora doa la zambarau katikati ya picha.

Filta ya polaraiza ni tofauti, kwa kuwa kazi yake ndiyo ngumu zaidi kuigiza kwenye kompyuta. Inaondoa mng'ao wa maji ukaona mawe chini yake, inaondoa weupe kwenye majani mabichi ukapata kijani cha kweli, na inatia kina kwenye buluu ya anga. Nguvu yake kwenye anga iko digrii 90 kutoka jua. Elekeza kidole cha shahada kwenye jua, simamisha gumba kama unaigiza bastola, kisha zungusha mkono: gumba linakoelekea ndiko filta inafanya kazi zaidi. Inakula stopu 1 hadi 2. Kwenye lenzi pana iliyo chini ya milimita 24 hutia anga bato la giza upande mmoja, kwa sababu picha inashika pembe nyingi mno za anga kwa pamoja, na bato hilo kulisafisha ni kazi ya kuchosha. Hapo ivue, au izungushe nusu tu.

Mvua isikurudishe nyumbani haraka. Siku ya mawingu mazito ndiyo siku ya msitu. Jua kali likipenya kwenye majani linatupa vidoa vyeupe na weusi mtupu kila mahali, na hakuna sensa inayovipatanisha. Wingu linageuza anga zima kuwa taa moja laini. Majani yaliyolowa pamoja na polaraiza hutoa kijani ambacho hakipatikani siku nyingine. Na mvua ikiachia jua mwishoni mwa alasiri, lipe jua mgongo. Upinde wa mvua hutokea digrii 42 kuzunguka mahali kivuli cha kichwa chako kinapoelekea, kwa hiyo jua likiwa juu ya digrii 42 hakuna upinde utakaouona ukiwa kwenye ardhi tambarare. Jua likishuka, upinde unapanda. Nusu duara kamili ina upana wa digrii 84, na lenzi ya milimita 20 kwenye sensa kubwa inashika digrii 84 hasa, bila ziada hata ya kidole. Chukua pana zaidi ya hiyo. Polaraiza hapa izungushe ukiwa macho, kwani inaweza kuufuta upinde wote usiuone kabisa, au kuuongeza nguvu.

Radi ni habari nyingine. Sauti huchukua sekunde 3 hivi kwa kilomita. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwako na ngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10, na mtu aliyesimama kilimani kando ya tripodi ya chuma ameshachelewa kuondoka. Baharini, jua saa za maji kujaa na kupwa kabla hujapita kwenye miamba. Yanachelewa kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua yanapanda juu zaidi ya ulivyoyaona wiki iliyotangulia. Njia uliyoijia ikiwa kavu inaweza kufika kifuani unaporudi.

Vumbi, unyevu na chumvi huua vifaa polepole. Ukibadilisha lenzi, upe upepo mgongo na mdomo wa kamera uangalie chini. Doa la vumbi kwenye sensa halionekani f/4, linajitokeza f/16 katikati ya anga. Tumia puto la hewa la mkono, usipulize kwa mdomo, maana mate hayatoki kwa hewa. Ukitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto lenye unyevu, au kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda nje, kwanza ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, uiache humo nusu saa hadi saa nzima, ili umande ugande kwenye plastiki badala ya kioo. Kwenye baridi kali betri hupungua nguvu upesi. Ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baada ya pwani, futa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi, na tripodi ivute miguu yote uioshe kwa maji hayohayo kabla chumvi haijakauka ndani ya maungio. Lenzi ziweke pakavu, unyevu kati ya asilimia 40 na 50. Zikikaa kwenye begi lililofungwa katika unyevu wa juu, kuvu huota ndani ya kioo, nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui, na ikishala rangi ya kinga ya kioo alama hazitoki.

Kwenye matuta ya mchanga kuna kosa lisilosahihishika siku hiyo. Ukivuka tuta kwenda kutafuta picha, nyayo zako zimeshaingia kwenye picha uliyokuwa unaitafuta, na hazitafutika mpaka upepo uvume. Simama kwanza pembeni, amua wapi utapiga, ndipo uzunguke nyuma. Hali hiyohiyo iko kwenye theluji, kwenye tope la ziwa lililokauka, na kwenye nyasi za asubuhi zenye umande, ambako mguu mmoja unaacha njia ya giza. Palipoota mimea dhaifu, kama kuvumwani na maua ya juu milimani, nyayo hazifutiki hata kwa miaka. Picha inayodai kukanyaga hapo iachwe.

Yote haya yakishakaa sawa, hutokea dakika ambayo mikono haina kazi. Mwanga unagusa kilele kwanza, kijiti kimoja cha waridi, halafu unashuka mlimani taratibu kama mtu anayeteremka ngazi. Utando wa buibui ulio sentimita 30 kutoka kwenye lenzi, ambao ulikuwa hauonekani kabisa, unawaka tone kwa tone kuanzia juu. Furaha hiyo ni kubwa na haipungui kwa kurudiwa. Anayeizoea huanza kuona mwanga hata bila kamera, ukutani, kwenye vumbi la barabara, kwenye uso wa mtu aliyekaa karibu na dirisha.

Jioni, usikunje vifaa jua linapozama. Kaa dakika 15 zaidi. Kama kuna mawingu ya juu na magharibi ya mbali ni safi, yatawaka kutoka chini baada ya watu wote kuondoka, mara nyingine kwa dakika tatu tu. Kabla ya kuondoka, mulika chini mahali ulipokuwa: kifuniko cha lenzi, filta iliyowekwa juu ya jiwe, kiatu cha mpira cha mguu wa tripodi.

Usifute picha yoyote ukiwa bado mlimani. Nyumbani, nakili kadi mahali pawili tofauti kabla ya kuifuta, kisha ziache picha siku tatu nne, kwa sababu usiku wa kwanza bado unapenda baridi uliyoivumilia na ngazi ulizozipanda, na zote zinaonekana nzuri. Ukizifungua, zikuze asilimia 100, anzia pembeni: kona nne, kisha mstari wa upeo, kisha jiwe la mbele. Tawi linalochungulia kutoka ukingoni hukaa hapo, na karibu kila picha ina moja.